Milango ya mizinga ilikuwa wazi

Niliingia Babylon 5 kwa mlango usio wake. Ilikuwa bado enzi za flashi: unampelekea kijana wa duka la muvi flashi yako, unamtajia unachotaka, unarudi jioni kuichukua. Nilimwambia anijazie ile tamthilia ya anga ya miaka ya tisini ambayo rafiki yangu alikuwa akiisifia kila tukikutana. Nilipofungua nikakuta mafaili kibao, yote yana namba namba, isipokuwa moja lililoandikwa In the Beginning. Yaani, hapo mwanzo. Sasa mtu mwenye akili zake ataanzia wapi kama si hapo mwanzo?

Nikaitazama usiku uleule. Baada ya saa moja na nusu nilikuwa nimeshajua siri ambazo watazamaji wa Marekani walizisubiri kwa miaka minne. Rafiki yangu alipopiga simu kuuliza nimefikia wapi, nikamwambia. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi umeshaharibu."

Nilimwamini, nikaiweka pembeni. Nilirudi miaka kadhaa baadaye, safari hii kwa utaratibu, kipindi baada ya kipindi, na nilipofika tena kwenye ile filamu nikagundua kwamba sikuwa nimeiona kabisa. Nilikuwa nimeona vita. Sikuwa nimemwona msimulizi. Makala haya ni kuhusu msimulizi huyo, na kuhusu historia ya filamu yenyewe, maana mambo hayo mawili yameshikana. Nitafichua mengi, kwa hiyo kama una mpango wa kuitazama, weka makala hii kando, itakungoja.

Tuanze na neno. Waingereza wana jina lao kwa kazi ya namna hii. Mimi nitaiita hadithi ya kitangulizi: imeandikwa baadaye, lakini inasimulia yaliyotangulia. Siku hizi zimejaa. Kila tamthilia ikipata jina, haichukui muda utasikia wanatengeneza ya babu yake mhusika mkuu. Nyingi ni biashara tupu, na ugonjwa wao ni mmoja: tunajua zinaelekea wapi. Hakuna atakayekufa ambaye hatujui kwamba alikufa. Swali langu ni dogo tu. Kama tunajua mwisho, kwa nini mtu asimulie mwanzo?

Babylon 5 ilianza na filamu ya majaribio iitwayo The Gathering, iliyorushwa Februari 1993. Msimu wa kwanza ulifuata Januari 1994, na ilipofunga pazia Novemba 1998 ilikuwa na vipindi 110. Mbunifu wake, J. Michael Straczynski, aliandika 92 kati ya hivyo mwenyewe, ikiwemo misimu yote miwili ya tatu na ya nne. Kwa televisheni ya Marekani ya wakati ule hilo halikuwa jambo la kawaida. Tamthilia nyingi za anga zilikuwa na waandishi kibao, na kila kipindi kilijitegemea: shujaa anapigwa risasi leo, wiki ijayo mzima kama chuma. Straczynski alitaka riwaya. Riwaya ya miaka mitano, yenye mwanzo, katikati na mwisho, ambamo jambo lililosemwa kwa utani katika msimu wa kwanza linarudi msimu wa tatu kudai deni lake.

Mandhari yake ni kituo cha anga katikati ya karne ya 23, ambako mabalozi wa jamii mbalimbali za ulimwenguni wanakutana kuzungumza badala ya kupigana. Kuna binadamu. Kuna Waminbari, watu wa kale, wenye nidhamu kali na nguvu za kivita zinazotisha. Kuna Wacentauri, dola iliyokuwa kubwa na sasa inaishi kwa kumbukumbu. Kuna Wanarn, waliotawaliwa na Wacentauri na hawajasahau. Kituo hicho kilijengwa baada ya vita kati ya binadamu na Waminbari, vita vya mwaka 2245 hadi 2248, vilivyobakiza kidogo tu kufuta binadamu wote. Kisha, Waminbari wakiwa mlangoni mwa Dunia, ushindi wao mkononi, wakajisalimisha. Hakuna binadamu aliyejua kwa nini.

Hicho ndicho kitendawili kilichobeba tamthilia nzima, na ni vizuri kuona kilivyoteguliwa, kwa sababu kilitolewa kwa kijiko. Mwaka 1993 tunaambiwa kwamba Jeffrey Sinclair, mkuu wa kituo, alikuwa rubani katika pigano la mwisho, na kwamba saa 24 za siku ile hazimo kichwani mwake. Machi 1994 anaanza kukumbuka: aliteswa, alihojiwa, alisimamishwa mbele ya watu waliovaa kofia za majoho. Novemba 1994 tunaelezwa sababu ya kujisalimisha: Waminbari waligundua kwamba roho zao zinazaliwa upya ndani ya binadamu, na Mminbari hamuui Mminbari. Mei 1996 tunajua kwamba Sinclair mwenyewe atarudi nyuma miaka elfu moja na kuwa Valen, nabii mkuu wa watu hao. Na Februari 1997 ndipo tunaambiwa lile baya kuliko yote: kwamba kura iliyoanzisha mauaji ya binadamu ilipigwa na Delenn, balozi mpole tuliyempenda tangu siku ya kwanza.

Kwa hiyo In the Beginning ilipotoka tarehe 4 Januari 1998, mtazamaji mwaminifu hakuwa na siri kubwa ya kungojea. Kila kipande alikuwa nacho. Kwa nini basi iliandikwa?

Jibu la kwanza ni la fedha na mtandao. Babylon 5 ilikuwa inarushwa na mtandao mdogo ulioitwa PTEN, na kufikia mwaka 1997 mtandao huo ulikuwa unakata roho. Straczynski hakuwa na uhakika wa kupata msimu wa tano, hivyo akakimbiza mambo: vita viwili vikubwa vya hadithi vikamalizwa ndani ya msimu wa nne, na hata kipindi cha mwisho kabisa cha tamthilia kikapigwa picha mapema, ili wasije wakazimwa kabla ya kuaga. Ndipo stesheni ya TNT ilipojitokeza. Ikanunua haki ya kurudia vipindi vya zamani, ikagharamia msimu wa tano, ikaagiza na filamu. TNT ilikuwa na watazamaji wapya ambao hawakujua Mminbari ni nani. Walihitaji kuingizwa ndani ya nyumba ambayo ghorofa nne zilikuwa zimeshajengwa. Filamu ya kitangulizi ingekuwa mlango.

Hebu fikiria kazi aliyopewa huyo mwandishi. Aandike kitu kwa mgeni asiyejua lolote, na wakati huohuo kwa mwenyeji anayejua kila kitu. Ukimfurahisha mmoja, mwingine anasinzia. Na mimi na flashi yangu nilikuwa yule mgeni.

Alichofanya ndicho wanachofanya wasimulizi wetu tangu zamani: alitafuta mzee akamkalisha mbele ya watoto.

Filamu inafunguka mwaka 2278, miaka thelathini baada ya vita, kwenye makao makuu ya Wacentauri. Nje ya dirisha mji unaungua. Ndani amekaa mfalme, Londo Mollari, mzee, mlevi, amechoka. Watoto wawili wanaingia na mlezi wao. Mtoto wa kiume anataka hadithi ya vita, ya mashujaa. Ukitazama tukio hilo kwa masikio ya Kiswahili unakaribia kusikia: hadithi hadithi! Na mzee anaitikia, anaanza.

Mara ya kwanza nilidhani hiyo ni fremu tu, kama ganda la pipi. Unalibandua, unakula kilichomo. Aliyekuwa ametazama misimu minne alikuwa anaona kitu kingine. Alijua Londo ni nani. Alijua kwamba huyu mzee mcheshi, katika tamaa yake ya kuona taifa lake likiheshimiwa tena, alisaidia kuanzisha vita vilivyowaponda Wanarn. Alijua kwamba begani mwake, chini ya koti la kifalme, kumebandikwa kiumbe kinachotawala nia yake, na kwamba pombe anayokunywa si ulevi tu. Kiumbe hicho kikilewa husinzia, na Londo hupata dakika chache za kuwa yeye mwenyewe. Alijua hata siku yake ya kufa na mikono itakayomnyonga, maana hilo lilikuwa limeonyeshwa tangu 1996. Watoto wanasikiliza hadithi ya vita. Mtu mzima sebuleni anasikiliza mtu akiungama.

Sasa hadithi yenyewe. Binadamu wa mwaka 2245 wametoka kushinda vita vingine na vichwa vimewavimba. Wanasikia habari za Waminbari, wanataka kuwachungulia. Wanamwita Londo, wakati huo ofisa tu wa ubalozi, wamwulize. Anawaambia waachane nao. Hao si watu wa kuchokozwa. Wanamcheka kimoyomoyo, wanaona ni woga wa dola iliyozeeka, na wanatuma meli za upelelezi zikiongozwa na nahodha mwenye pupa. John Sheridan, ambaye baadaye atakuwa shujaa wa tamthilia, anapewa nafasi ya kuwa msaidizi wake na anaikataa kwa sababu anamjua mtu huyo.

Meli zinakutana na manowari za Waminbari, na moja kati ya hizo imebeba Baraza la Kijivu, watawala wao, pamoja na kiongozi wao mpendwa, Dukhat. Waminbari wanakaribia huku milango yote ya mizinga ikiwa wazi.

Kwa tabaka la wapiganaji la Kiminbari, hiyo ni heshima. Maana yake: tazama silaha zangu zote, sina nililokuficha. Kwa nahodha wa kibinadamu maana yake ni moja tu, wanataka kutupiga. Anajaribu kukimbia, lakini mitambo ya Waminbari ya kuchunguza ina nguvu kiasi kwamba imevuruga ile ya kwake ya kurukia mbali. Hawezi kuondoka. Anafyatua. Dukhat anafia mikononi mwa Delenn.

Hapo ndipo nilipoiheshimu filamu hii kwa mara ya kwanza, nilipoitazama kwa mara ya pili. Kosa hilo lingeweza kuandikwa vibaya. Mwandishi mwingine angemfanya nahodha kuwa shetani, au angewafanya Waminbari kuwa na mpango wa siri. Hapa kila mtu anafuata adabu aliyofundishwa kwao. Na usidhani adabu hiyo ni ya ajabu ya sayari za mbali. Sisi wenyewe hupokea marais kwa mizinga 21. Desturi hiyo ilitoka baharini: meli ikiingia bandari ya watu ilifyatua mizinga yake ili kuonyesha kwamba sasa ni mitupu, haina cha kumdhuru mwenyeji. Mtu ambaye hajawahi kuambiwa maana ya sauti hiyo, akiisikia kutoka kwenye meli ngeni, atafanya nini? Atakimbilia bunduki. Salamu ni lugha kama lugha nyingine, na tofauti yake ni kwamba hakuna anayekumbuka kuleta mkalimani.

Baada ya kifo cha Dukhat, Baraza linagawanyika katikati. Kura ya kuamua ni ya Delenn. Ana damu ya mwalimu wake mikononi. Anasema wasihurumiwe. Dakika moja tu ya uchungu, na miaka mitatu ya mauaji. Hasira yake itapoa zamani sana kabla vita havijapoa. Atataka kuvisimamisha na atagundua kwamba hawezi, kwa sababu jambo lililowashwa kwa neno moja halizimwi kwa neno moja.

Aliyeigiza Delenn ni Mira Furlan, na hapa historia ya filamu na historia ya dunia zinakaribiana sana. Furlan alizaliwa Zagreb, katika nchi iliyoitwa Yugoslavia. Alikuwa mwigizaji mkubwa kwao. Alicheza katika filamu ya Emir Kusturica iliyotwaa tuzo kuu ya Cannes mwaka 1985. Nchi ilipoanza kupasuka, yeye aliendelea kupanda jukwaani Belgrade, upande ambao sasa ulikuwa unaitwa wa adui. Magazeti ya kwao yalimshambulia, akapoteza kazi katika jumba la maonyesho la taifa, na mwaka 1991 akaondoka na mumewe kwenda Marekani. Mwaka uliofuata alikuwa kwenye seti ya The Gathering. Simjui Furlan na sitadai kwamba najua alichokuwa akiwaza alipokuwa akitamka uamuzi wa Delenn. Ninachojua ni kwamba aliyeyatamka maneno hayo alikuwa ameona nchi ikipiga kura ya aina hiyo. Alifariki Januari 2021.

Na hakuwa peke yake. Mzee Lenonn, kiongozi wa kundi la Rangers anayejaribu kuandaa mazungumzo ya siri ya amani katikati ya vita, aliigizwa na Theodore Bikel. Bikel alizaliwa Vienna mwaka 1924 katika familia ya Kiyahudi, na familia hiyo ilikimbia baada ya Hitler kuimeza Austria mwaka 1938. Basi katika filamu hii ya bajeti ya televisheni, yenye manowari za kompyuta na vipara vya plastiki, anayeanzisha vita na anayekufa akitafuta amani wote wawili walikuwa watu waliofukuzwa makwao na vita vya kweli.

Kifo cha Lenonn ndicho kiini cha filamu, na ndicho kipande ambacho tamthilia haikuwa imetuambia. Mpango ni huu: Sheridan na daktari Franklin, aliyewekwa ndani kwa kukataa kutoa maandishi yake kuhusu miili ya Waminbari yasije yakatengenezewa silaha, wanapelekwa kukutana na Lenonn kwa siri. Anayewasaidia kupanga ni G'Kar, Mnarn. Habari zinavuja. Londo anazipata nusu nusu: Mnarn na binadamu, safari ya siri. Anajumlisha kwa hesabu ya chuki zake mwenyewe na kupata jibu kwamba ni biashara ya silaha. Wacentauri wanapiga mahali pa mkutano. Lenonn anakufa.

Kwa hiyo mzee huyu aliyewaonya binadamu wasiwachokoze Waminbari, mtu pekee aliyekuwa na akili mwanzoni mwa hadithi, ndiye aliyeua nafasi ya amani. Na aliiua kwa kosa lilelile la nahodha wa kibinadamu. Aliona ishara, akaisoma kwa lugha ya woga wake, akafyatua. Watoto walio mbele yake wanasikia jina la Londo ndani ya hadithi kama wanavyosikia jina lingine lolote. Yeye anaendelea kusimulia, anakunywa kidogo, anaendelea.

Sasa niseme mapungufu, maana si haki kumsifia mtu hadi aote mabawa. Kwanza, Londo anasimulia mambo ambayo hakuwepo: vikao vya siri vya Baraza, mazungumzo ya Delenn na Dukhat wakiwa wawili. Amejuaje? Filamu haisumbuki kujibu. Unaweza kusema ni uzembe. Mimi nimeamua kwamba ndivyo wanavyofanya waandishi wote wa historia, hata wenye shahada: pale ambapo hawakuwepo wanaingia kwa mlango wa nyuma, wanakuambia mfalme aliwaza nini. Lakini nakubali kwamba nimeisaidia filamu kwa kufikiri hivyo.

Pili, mtindo wake wa kuunganisha. Picha kadhaa ni za zamani, zimekatwa kutoka kwenye vipindi vya miaka iliyopita na kushonewa hapa. Jicho likizoea linaona mishono. Na mshono mkubwa kuliko yote upo kwa Sinclair.

Fikiria kwamba huyu ndiye mtu ambaye roho yake inasimamisha vita. Katika pigano la mwisho, ambako binadamu 20,000 walijipanga kuilinda Dunia ili wenzao wapate muda wa kutoroka, na 200 tu wakabaki hai, Sinclair anaishiwa kila kitu na kuamua kuigonga manowari ya Waminbari kwa chombo chake kidogo. Wanamkamata, wanamchunguza, wanagundua roho ya nani imo ndani yake, na ulimwengu unageuka. Ndiye nguzo. Lakini katika filamu inayosimulia siku yake kubwa kuliko zote, mwigizaji wake, Michael O'Hare, anaonekana kwa picha zilizopigwa miaka minne nyuma.

O'Hare aliondoka baada ya msimu wa kwanza, na kwa miaka mingi mashabiki walibuni sababu zao: alifukuzwa, aligombana na watu, hakuwa na mvuto. Alifariki Septemba 2012. Mwaka uliofuata Straczynski alisimama mbele ya mashabiki akasema ukweli. O'Hare alikuwa mgonjwa wa akili, mgonjwa sana, tangu alipokuwa akiigiza msimu ule wa kwanza. Straczynski alikuwa amejitolea kusimamisha kazi ili atibiwe. O'Hare alikataa, kwa sababu wenzake wote wangebaki bila ajira. Akajikongoja hadi msimu ukaisha. Alirudi baadaye kwa muda mfupi kufunga hadithi ya Sinclair, na aliomba siri yake itunzwe hadi atakapokufa, kisha watu waambiwe. Ndivyo ilivyofanyika.

Tangu nijue hilo siwezi kuitazama ile sehemu ya Sinclair kama mshono mbaya. Mtu amefungwa, mwanga mkali usoni, hajui ni nani anayemwuliza maswali wala kama anachokiona ni cha kweli. Picha hizo zilipigwa mwaka ambao mwigizaji mwenyewe alikuwa akipigana na kichwa chake. Sisi watazamaji tulikuwa tunalalamika kwamba anaigiza kama amekauka. Milango ya mizinga ilikuwa wazi, na sisi tuliisoma tulivyojua kusoma.

Kuna kipindi kingine cha tamthilia hii kinachopaswa kutajwa hapa, kilichofunga msimu wa nne Oktoba 1997, miezi miwili na ushei tu kabla ya filamu yetu. Kinaitwa The Deconstruction of Falling Stars, na kinaonyesha jinsi matendo ya Sheridan na Delenn yatakavyosimuliwa baada ya miaka 100, 500, 1,000, hadi milioni moja. Wataalamu wanawachambua hadi wanakuwa watu wa kawaida, propaganda inawageuza kuwa wahalifu, watawa wanawafanya watakatifu. Nikiviweka viwili hivi bega kwa bega naona kwamba Straczynski wakati ule alikuwa akihangaika na swali moja: matukio yakishapita, yanakuwa mali ya nani? Kipindi cha Oktoba kinajibu kwa ukali, kwamba yanakuwa mali ya yeyote mwenye sauti. Filamu ya Januari inaleta jibu la upande wa pili. Yanabaki pia kwa mtu mmoja aliyekuwepo, aliyekosea, ambaye amebakiwa na jioni moja ya kusema ukweli na wa kumsikiliza ni watoto.

Hapo ndipo nilipopata jibu la swali langu dogo. Mtu husimulia mwanzo huku mwisho unajulikana kwa sababu mwanzo ndipo kosa lilipokuwa bado dogo. Mji wa Londo unaungua dirishani. Hakuna wa kuuliza itakuwaje. Kilichobaki ni kurudi nyuma hadi kwenye ile siku ambayo mtu angeweza kuuliza swali moja la ziada, kwa mfano, jamani, kwenu milango ya mizinga ikiwa wazi maana yake nini?

Watu huniuliza waitazame lini. Ushauri wangu, ambao najua ni wa mashabiki wengi pia: baada ya msimu wa nne, kabla ya wa tano, mahali pale palepale ilipotokea. Jina lake lisikudanganye kama lilivyonidanganya mimi. Lakini pia siungani tena na rafiki yangu kwamba niliharibu. Usiku ule wa flashi nilikaa pale walipokaa wale watoto wawili: nikataka vita, nikapewa vita, nikaenda kulala. Mara ya pili nilikaa na mzee. Na nadhani filamu ilijengwa ikijua kwamba kutakuwa na wa aina zote mbili.

Watoto wanapoondoka, Londo anabaki na chupa yake. Kisha tunaonyeshwa kwamba ndani ya jumba hilohilo, katika chumba cha wafungwa, wapo Sheridan na Delenn, sasa mume na mke, wazee kidogo: aliyelipua manowari kubwa ya Waminbari na aliyepiga kura ya kuwafuta binadamu. Ndani ya hadithi tuliyosikia hivi punde walikuwa maadui waliopita karibu karibu bila kujuana. Mzee hajawaambia watoto kwamba wapo huko chini. Anajimiminia tena, taratibu, kama mtu anayesubiri kitu kilichoko begani mwake kipitiwe na usingizi.